Sikumzika baba, sasa niwapeleke wanangu ufukweni Jamaica?

Shikamoo mshauri,

Ninakuandikia mwanzoni mwa Desemba 2021 kutoka Maryland, Marekani, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwenzangu anaendesha lori la masafa marefu. Naomba jina langu usilitoe, maana Watanzania wa huku tunajuana.

Mwezi wa tisa mume wangu alikata tiketi za kwenda Jamaica, Montego Bay. Hakuniuliza, alitaka kunishtukiza. Tunatakiwa kuondoka Jumamosi ya Desemba 18 na kurudi Jumapili ya tarehe 26. Hoteli ni zile za kulipia kila kitu kwa pamoja, malazi, chakula, mpaka mteremko wa maji wa watoto. Zimeshatoka dola elfu nne na ushei. Tiketi tukighairi tutawekewa salio la safari nyingine, lakini hela ya hoteli hairudi. Walichokubali ni kusogeza tarehe, na hilo nalo mwisho wake tarehe 14.

Sikukasirika. Nilifurahi, tena sana. Mwezi wa kumi na moja watoto wa miaka mitano hadi kumi na mmoja waliporuhusiwa chanjo ya corona, binti yetu alikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani kwao, na Desemba 1 amemaliza dozi ya pili. Tangu hapo chakula cha jioni anakula amevaa miwani ya kuogelea. Mwalimu wake ana habari, dereva wa basi la shule ana habari, na kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Kisha ikaja hii Omikroni, aina mpya ya kirusi cha corona. Wiki hii serikali ya hapa imebadilisha masharti: kuanzia Desemba 6, kila anayeingia Marekani kwa ndege kutoka nje, kuanzia mtoto wa miaka miwili, awe na kipimo kilichochukuliwa siku moja tu kabla ya kusafiri. Mwanzoni sisi tuliochanjwa, na watoto tunaosafiri nao, tulikuwa na siku tatu. Jamaica wenyewe, kwa anayeingia kwao, wanataka kipimo kwa wa miaka kumi na mbili kwenda juu. Kwa hiyo wanangu wataingia bila kuguswa pua. Kinachoninyima usingizi ni kurudi.

Mdogo wetu hana chanjo, umri wake bado. Tena kifua chake ni cha kubana, akipata mafua tunalala na mashine ya mvuke pembeni. Mwezi wa kumi darasa lake la chekechea lilifungwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, tukampeleka kupimwa. Nesi alipomkaribia na kile kijiti alijirusha nyuma kwa nguvu, kisogo chake kikanipiga mdomoni, mdomo ukachanika. Damu ilinidondokea kwenye barakoa na nesi akadhani mtoto ndiye aliyeumia. Kuhusu yeye mwenyewe kuvaa barakoa ndegeni kwa saa nne, sijui niseme nini. Anaivua, anaitafuna, anaitupa chini.

Na tukikutwa na ugonjwa kulekule? Zamu nisizokwenda kazini silipwi. Kwenye nyumba yetu ya wazee mwaka jana nimeona mambo ambayo siwezi kuyaandika. Watoto wa wale wazee walikuwa wanaaga mama zao wakiwa nje ya dirisha, na mimi ndiye niliyekuwa ndani nimeshika mkono. Nikirudi nao ugonjwa nikawapelekea, nitajitazamaje?

Sasa nikuambie lililo zito zaidi. Mwezi wa pili mwaka huu baba yangu alifariki Tanga. Wakati ule nyumbani hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, tuliambiwa ni changamoto ya kupumua. Alianza Jumatatu, Alhamisi alfajiri nikapigiwa simu, na siku hiyohiyo baada ya alasiri akazikwa. Sikwenda. Mtoto alikuwa mdogo, vipimo vya kurudi huku vilikuwa vimeanza karibuni, kazini tulikuwa wachache, na niliogopa. Hata arobaini sikwenda. Nilituma hela ya hitima.

Juzi binti yangu, akiongea na bibi yake kwa video, alijisemea mwenyewe kwamba tunakwenda kwenye kisiwa kuogelea. Jioni yake kaka yangu mkubwa akaweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Alisema, "Kumbe ndege zinapaa. Baba tulimzika wenyewe, corona ilikuwa inamzuia mtu. Leo corona imempa ruhusa ya kwenda ufukweni. Na Raskazoni hakuna bahari?" Hakuna aliyejibu. Mama hakusema kitu. Mimi nilizima simu nikalia bafuni.

Mume wangu anasema kaka ana wivu, nisimsikilize. Anasema yeye amechoka kuogopa, na kwamba watoto wamekaa ndani karibu miaka miwili. Nikimwambia habari za kipimo ananiambia, "Mama, wewe ulishaamua kutokwenda, sasa unatafuta sababu." Tumefika mahali hatuongei ila mambo ya watoto. Nishauri. Nikienda nitakuwa na amani? Nisipokwenda, hizo hela, huyo mtoto na huyo mume nitawaambia nini?

Mama wa wawili, Maryland

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba. Najua ni miezi imepita, lakini pole ya mtu ambaye hakukaa matanga huwa haijaisha, kwa hiyo naanza nayo.

Barua yako nimeisoma nikaona umeleta mambo matatu ndani ya begi moja. Kuna ugonjwa wenyewe na kifua cha mwanao. Kuna kukwama ugenini kwa ajili ya kipimo. Na kuna kaburi la Tanga. Umeyafunga pamoja mpaka mumeo akikujibu la kwanza, wewe unaumia la tatu, na akikujibu la tatu kwa kusema kaka ana wivu, la kwanza linabaki halijajibiwa. Ndiyo maana hamuongei. Tuyafungue.

Nianze na kukwama, maana hilo lina tarehe na karatasi. Sharti la sasa, Desemba hii ya 2021, linasema siku moja kabla ya kusafiri, na siku hiyo ni ya kalenda, hawahesabu saa. Ndege yenu ikiondoka Jumapili tarehe 26, kipimo cha Jumamosi saa yoyote kinafaa, hata cha alfajiri. Tatizo ambalo sijaona ukilitaja ni kwamba Jumamosi hiyo ni tarehe 25, Krismasi. Jamaica ni nchi ya makanisa. Hoteli nyingi kubwa za Montego Bay na Negril zinapima wageni palepale, lakini ninyi mnatakiwa kuwapigia simu kuuliza: nesi wenu yupo siku ya Krismasi? Saa ngapi? Majibu yanatoka baada ya muda gani? Marekani inakubali kipimo cha haraka, si lazima kile cha maabara kiitwacho PCR, kwa hiyo majibu yanaweza kutoka upesi. Inakubali pia kipimo cha nyumbani ambacho mtaalamu anakusimamia kwa video, mradi kiwe cha aina iliyoidhinishwa na mtoe cheti. Watu wanavibeba kwenye begi kutoka huko Marekani. Kwa mtoto anayerusha kisogo, kupimwa amekaa mapajani mwa baba yake, kwenye kitanda alichokwisha kukizoea, kwa kijiti kifupi kisichokwenda mbali puani, si sawa na kupimwa na mtu asiyemjua. Mwulize daktari wake kama mnaweza kufanya mazoezi nyumbani kabla.

Na mkikutwa nao? Hapo hofu yako ina miguu, sitaki kuipuuza. Mwenye ugonjwa hapandi ndege. Mwongozo wa Desemba hii ya 2021 ni kujitenga siku kumi. Baada ya hapo mtu anaweza kurudi akiwa na ile karatasi ya kipimo kilichoonyesha ugonjwa, isiyozidi siku 90, pamoja na barua ya daktari inayosema amepona na anaweza kusafiri. Kwa hiyo kuna mlango wa kutokea, na una tarehe. Lakini fikiria jinsi familia inavyogawanyika: binti akikutwa nao, mdogo wake asiye na chanjo atahesabiwa kuwa amekaa na mgonjwa, naye ataambiwa asisafiri kwanza hata kama pua yake ni safi. Huwezi kusema basi mzazi mmoja arudi na mtoto mzima, mwingine abaki na mgonjwa. Uwezekano mkubwa ni mbaki wote, au mumeo arudi peke yake kwenye lori na wewe ubaki na wawili. Hilo mlizungumze kwa majina. Nani anabaki? Nani anapoteza mshahara, na kwa wiki ngapi mnaweza kumudu? Baadhi ya hoteli zinabeba gharama za mgeni anayelazimika kujitenga, nyingine hazibebi. Waandikieni, wajibu kwa maandishi.

Bima nayo itazameni vizuri. Bima ya safari ya kawaida hulipa ukiugua au ukifiwa. Hailipi kwa sababu umeogopa, wala kwa sababu nchi imebadilisha masharti. Ipo ile ya kughairi kwa sababu yoyote, lakini hiyo hurudisha sehemu tu ya pesa, kwa kawaida nusu mpaka robo tatu, na inatakiwa inunuliwe siku chache tangu malipo ya kwanza. Kwa tiketi za mwezi wa tisa muda umepita. Inayobaki kwenu ni ile ya matibabu na ya kukwama, na si bei kubwa.

Sasa ugonjwa. Hapa nina swali, na ukilichukia naomba unisamehe. Unaandika kana kwamba kuna sehemu mbili, Jamaica kwenye hatari na Maryland kwenye usalama. Desemba 3 gavana wenu ametangaza wagonjwa watatu wa kwanza wa Omikroni hapohapo Maryland, upande wa Baltimore. Mwanao yuko chekechea, darasa lilishafungwa mara moja. Wewe unaingia zamu, binti anapanda basi la shule. Je, mkibaki, Krismasi mtakaa vipi? Mtafunga mlango, au watakuja marafiki sebuleni kula pilau, kumi na tano ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi? Ufukweni watu wako hewani. Hatari ya safari ipo zaidi uwanja wa ndege, kwenye foleni, kwenye basi la hoteli na ukumbi wa chakula. Simaanishi kwamba Jamaica ni salama. Namaanisha ulinganishe wiki hizo mbili, ya safari na ya kubaki, jinsi zitakavyokuwa kweli.

Kifua cha mtoto ni suala la daktari wake, wala si langu wala si la mumeo. Mpigie kesho. Mwulize: huyu mtoto akipata ugonjwa huu ugenini, nibebe dawa gani, mashine ya mvuke niibebe, na dalili gani zinaniambia niende hospitali usiku huohuo? Mwulize pia bima yenu ya afya inalipa kitu nje ya Marekani au la. Akikuambia asingempeleka wake, utakuwa umepata jibu ambalo mumeo hawezi kuliita kisingizio. Akikuambia angempeleka, wewe nawe itabidi ulipokee.

Barakoa ndegeni kwa sasa ni lazima kuanzia miaka miwili, na zipo familia zilizoshushwa kwa ajili ya mtoto aliyegoma. Kwa siku zilizobaki mzoesheni. Avae wakati wa katuni tu, ikivuliwa katuni inazimwa. Baba yake ndiye alisimamie hilo, kwa kuwa ndiye anayesema haina shida.

Kuna jambo moja ambalo hukuliandika, nami naliongeza kwa sababu umezaliwa Tanga na unajua maisha ya watu wanaotegemea wageni. Jamaica walifunga mipaka Machi 2020 na kuifungua katikati ya Juni, kwa kuwa watu wa hoteli walikuwa hawana pa kula. Wanawahitaji. Wakati huohuo, hadi Desemba hii ya 2021 nchi ile haijafikisha hata robo ya watu wake waliokamilisha chanjo. Yule atakayetandika kitanda chenu na yule atakayewapakulia watoto chakula wanaweza kuwa hawana chanjo na wana bibi mgonjwa nyumbani, kama ilivyo kwa wahudumu wa Nungwi au Paje kule Zanzibar. Mkienda, pimeni watoto kabla ya kuondoka hata kama Jamaica haiwaulizi. Mtajua mapema, mkiwa bado kwenu, na kama kuna jambo mtaugua kwenye kitanda chenu. Kwa wazee wako pia, usipange zamu siku ya pili baada ya kurudi. Jipe siku kadhaa, upime, ndipo uwaingilie.

Je, lazima iwe Jamaica? Mumeo alitaka bahari ya joto na watoto wacheke, sidhani alikuwa na nadhiri na Montego Bay. Puerto Rico iko bahari hiyohiyo ya Karibi, na kutoka Baltimore ni kama saa nne. Kwa kuwa ni ardhi ya Marekani, ukirudi kutoka huko hakuna kipimo cha kuingia nchini, na sharti hili jipya haliwahusu. Kwa sasa wana fomu yao ya kujaza mtandaoni kabla ya kufika, na asiye na chanjo anaombwa kipimo, lakini hicho kinafanyika mkiwa bado Maryland. Visiwa vya Virgin vya Marekani navyo hivyohivyo kwa upande wa kurudi, ila wao wana utaratibu wao wa kuingia kwa kila mwenye miaka mitano na kuendelea. Ubaya wake mnaujua: hela ya hoteli ya Jamaica haihami, na hoteli za Desemba zilizobaki ni ghali. Tena Omikroni haijui bendera. Kinachoondoka hapo ni hofu ya kukwama peke yake. Kama ndiyo kubwa kuliko zote, inaweza kustahili hiyo hela. Kama siyo, mtalipa mara mbili na usiku bado hutalala.

Kusogeza tarehe nako kuna pande mbili. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano majaribio ya chanjo yanaendelea, lakini hadi leo, Desemba 2021, hakuna iliyoruhusiwa na hakuna tarehe ya kuishika mkononi. Ukisogeza mpaka mdogo achanjwe, huenda unasogeza hadi kiangazi, msimu wa vimbunga huko unaoanza Juni. Ukisogeza mpaka likizo ya masika, unaweza kukuta masharti yamelegea, au kirusi kingine kimekuja. Faida yake hela haipotei, na mnapata muda wa kupatana. Hasara yake inamkuta binti. Watoto wa miaka sita husamehe tarehe iliyobadilika kuliko tunavyodhani, ila aambiwe na wote wawili mmekaa pamoja, asiambiwe "mama amekataa".

Nimechelewesha la baba kwa makusudi, nilitaka hayo mengine yapungue kelele kwanza.

Umesema alifariki alfajiri ya Alhamisi na alizikwa baada ya alasiri siku hiyohiyo. Mwanangu, kutoka Washington mpaka Dar es Salaam ni karibu siku nzima hata ukiunganisha vizuri, bado Tanga. Hata ungekuwa uwanjani na begi mkononi simu ilipolia, usingeyawahi maziko. Kaka yako analijua hili, na nadhani na wewe unalijua. Kwa hiyo kinachouma pengine si maziko. Ni arobaini, na ni miezi iliyofuata, ambayo hakuna anayekuzuia sasa isipokuwa hesabu na woga. Hapo sitakufariji haraka. Huenda kaka yako ana haki ya kitu fulani, ila amekisema vibaya na mahali pabaya, mbele ya kundi zima. Yeye ndiye aliyekuwepo. Nadhani alimbeba baba wakati watu wanaogopa hata kutaja ugonjwa, na hakuna aliyemwuliza yeye ilikuwaje. Mumeo kumwita mwenye wivu hakusaidii. Kumpigia wewe, ninyi wawili tu, ukamwuliza siku zile nne zilikwendaje, kunaweza kusaidia, na kunaweza kuleta ugomvi. Uwe tayari kwa lolote kati ya hayo.

Halafu kuna mama. Umeandika kwamba hakusema kitu, na ukauchukua ukimya wake kama kauli. Ulimwuliza? Inawezekana ameumia. Inawezekana vilevile alifurahi kumsikia mjukuu akichangamka, akanyamaza tu kwa kuwa mwanawe mkubwa alishasema. Mpigie kabla hujamwuliza mtu mwingine yeyote, nikiwemo mimi. Usimwombe ruhusa ya kwenda Jamaica, maana utamtwisha uamuzi usio wake. Mwambie tu kwamba hukuja na kwamba linakuuma. Nasoma barua yako na sioni mahali ulipowahi kumwambia hivyo. Nimeona hela ya hitima.

Nikuulize pia: ukiacha safari hii, deni la Tanga litapungua? Watoto wakikaa sebuleni Maryland tarehe 20 Desemba, kaka atasema ahsante? Inawezekana utapata utulivu fulani, siwezi kukukatalia, wengine hupata amani kwa kujinyima. Lakini angalia usije ukamlipisha binti yako jambo ambalo hakulikopa. Na upande wa pili, ukienda huku umelibeba vilevile lilivyo, usishangae ukikaa kwenye kiti cha ufukweni unaangalia simu. Ukienda, kubalianeni kuhusu picha. Siyo kuficha, maana mtoto wenu hafichi kitu. Ila kuna tofauti kati ya kumtumia mama picha ya wajukuu wake majini na kuweka video ya mteremko wa maji kwenye kundi alimo kaka.

Na kwenda nyumbani badala yake? Nimelifikiria. Tiketi za watu wanne kwenda Dar msimu huu ni zaidi ya hizo elfu nne, na sharti la kipimo cha siku moja linakukuta kule vilevile, na kutoka Tanga mjini mpaka uwanja wa Dar ni safari ya saa kadhaa barabarani, na yule mdogo wenu mkononi. Familia yako haijui hayo kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Labda si Desemba, na labda si wanne. Labda ni wewe peke yako, mwakani, wiki mbili, uende ukakae na mama na upelekwe makaburini. Kama wazo hilo limekufanya uvute pumzi, lizungumze na mumeo sambamba na Jamaica, yote mawili mezani. Mtu anayeendesha lori usiku kucha mwaka mzima wa ugonjwa, halafu anasema amechoka kuogopa, naye ana yake ambayo hajayasema. Aliposema "ulishaamua, unatafuta sababu", pengine alikuwa anakuuliza sababu yenyewe ni ipi. Hujamjibu bado. Mwambie ni baba.

Kwa mpangilio wa siku: kesho daktari wa mtoto na simu ya hoteli kuhusu Krismasi. Mama, wakati wowote kwake kukiwa mchana, asiamke usiku akadhani kuna msiba. Mumeo akirudi safarini, watoto wakishalala. Yote hayo kabla ya tarehe 14, maana baada ya hapo hoteli ndiyo itakayokuwa imeamua kwa niaba yenu. Kama mnakwenda, fomu ya idhini ya kuingia Jamaica inajazwa mtandaoni ndani ya siku saba kabla ya safari, na wewe na mumeo mpime ndani ya siku tatu kabla ya kusafiri. Ukipata nafasi uniandikie mama alisema nini.